Simon Kimbangu: wiki tatu za mashitaka, miaka 30 ya gereza

Tangu 2023, kila tarehe 6 mwezi wa nne Kongo nzima inakuwa konje juu ya Simon Kimbangu. Ofisi za serikali zinafungwa, watoto hawaendi masomo. Huku Rurambo mashimo hayajui konje. Mutu anashuka shimoni sawa siku zote. Wengi wetu tunamujua Kimbangu kama mutumishi wa Mungu, na wafuasi wake wanamuita nabii. Leo, kwenye ukurasa wetu wa Kiswahili, tunataka kueleza upande mwingine wa maisha yake, ule unaogusa kila jamaa ambayo mutu wake amelala kasho bila kujua kosa: namna gani alifungwa, ni sheria gani ilimufunga, na miaka ngapi ilipita mbele ya ile hukumu kufutwa.

Mutoto wa Nkamba

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, kijiji cha Bas-Congo (leo Kongo-Central), upande wa Thysville, muji ambao sasa unaitwa Mbanza-Ngungu. Wafuasi wake wanahesabu alizaliwa tarehe 12 mwezi wa tisa 1887; vitabu vingine vinaandika 1889. Alikomaa karibu na misioni ya Waprotestanti wa Kiingereza pale Ngombe-Lutete. Mwaka wa 1915 alibatizwa yeye pamoja na muke wake Marie Muilu, kisha akafanya kazi ya katekista. Walizaa watoto watatu, wote wanaume: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda.

Hakuwa na cheo wala mali. Kuna wakati alienda Kinshasa kutafuta kazi, akafanya kwenye kampuni ya mafuta ya mawese, Huileries du Congo Belge, sawa vijana wengi wa siku zile. Ilikuwa miaka ya taabu. Vita ya Wazungu ilikuwa imetoka kuisha, na watu wengi walikufa kwa kubeba mizigo ya askari. Kodi ililipwa kwa nguvu. Halafu homa kubwa ya 1918 ilipita vijijini, ikaua watu bila hesabu. Mutu alikuwa anazika asubuhi na kuitwa kazini muchana.

Miezi sita iliyoogopesha Bula Matari

Tarehe 6 mwezi wa nne 1921, pale Ngombe-Kinsuka, Kimbangu aliwekea mukono mwanamuke mugonjwa mwenye jina Nkiantondo, akaombea. Walioshuhudia walisema mama yule alipona. Habari ilikimbia kuliko gari-moshi. Kwa siku chache njia za Nkamba zilijaa watu: wagonjwa, vipofu, mama na watoto mugongoni. Wafanyakazi waliacha kazi ili waende kusikiliza. Misioni zikaona makanisa yao yanabaki matupu, wenye biashara wakalalamika.

Kimbangu alifundisha nini? Watu watupe dawa za uchawi, mwanaume awe na muke mumoja, ngoma za usiku ziachwe, Mungu aombwe. Hakuchukua silaha, hakukusanya askari. Lakini serikali ya Wabeleji, ile wazee wetu waliita Bula Matari, haikuwa imezoea kuona mutu mweusi anaitikiwa na watu wengi bila ruhusa ya Muzungu. Tarehe 11 mwezi wa tano administrateur Léon Morel alipanda Nkamba kuangalia kwa macho yake. Alirudi na woga, akaandika kwa wakubwa wake kwamba ile mambo inaweza kugeuka kuwa uasi.

Tarehe 6 mwezi wa sita alirudi na askari ili amukamate. Kukawa fujo, risasi zikalia, watu wakaumia na kufa. Kimbangu alitoroka katikati ya ule umati. Kwa miezi tatu alijificha vijijini, watu wakamulisha na kumulinda. Kisha, tarehe 12 mwezi wa tisa, alirudi Nkamba kwao, akajiacha akamatwe. Hakuna mutu alimusaliti siku ile, alirudi mwenyewe.

Karatasi moja inabadilisha kila kitu

Hapa tuangalie vizuri, juu hapa ndipo sheria ilipogeuzwa.

Kwa sheria ya kawaida, hata ile ya ukoloni, raia akishitakiwa alipelekwa mbele ya zuzi wa raia. Lakini wakati Kimbangu alikuwa mafichoni, wakubwa walitia saini karatasi iliyoweka ule upande wa Thysville chini ya utawala wa kijeshi. Hakukuwa vita. Hakukuwa jeshi la adui. Kulikuwa watu wanaoimba na kuomba. Lakini kwa karatasi ile zuzi wa raia aliwekwa pembeni, na katekista akapelekwa mbele ya conseil de guerre, ni kusema tribinali ya askari.

Mwenye kuhukumu alikuwa ofisa wa jeshi, commandant de Rossi. Kimbangu hakuwa na avoka. Alishitakiwa kwamba alivunja usalama wa serikali na amani ya watu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 1921 hukumu ilisomwa: apigwe fimbo 120, kisha auawe. Wenzake walipewa vifungo virefu, wengine cha maisha. Na tribinali ile haikuwa na njia ya kukata rufaa. Neno la ofisa lilikuwa neno la mwisho.

Tuhesabu siku. Kutoka kukamatwa mupaka hukumu ya kifo ni wiki tatu. Leo kuna watu wanaokaa wiki tatu kasho wakingoja tu jina lao liandikwe ku kitabu.

Hata kati ya Wazungu kulikuwa walioshituka. Wamisionari wa Kiprotestanti waliandika kuomba asiuawe. Ku mwezi wa kumi na moja, Mufalme Albert wa Ubeleji aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Watu wengi wanasifu ile huruma, na kweli ilimuokoa roho. Lakini huruma ni kitu kimoja, na haki ni kitu kingine. Mufalme alipunguza malipo. Hakuuliza kama kosa lilikuwako. Hukumu ya commandant de Rossi ilibaki imesimama vile vile, na mutu akabaki mukosefu ku karatasi za serikali. Hilo tulikumbuke, juu litarudi mwisho wa habari hii.

Mufungwa wa Elisabethville, muji wa shaba

Walimutoa kwao, wakamupeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, zaidi ya kilometa 1.500 mbali na Nkamba. Haikuwa bure. Mutu aliyefungwa karibu na kwao analetewa chakula, anasikia luga yake, anapata habari ya watoto. Mutu aliyefungwa ku upande mwingine wa inchi anakuwa kama aliyezikwa, bali anapumua.

Elisabethville tunaijua kwa hadisi za wazee. Ni muji uliozaliwa 1910 juu ya shaba, na Union Minière ilikuwa kama serikali ya pili. Wanaume waliletwa kutoka pande nyingi, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kusukumwa na chefu wao, ili wachimbe na kuchoma shaba. Gereza la Kimbangu lilikuwa katika ule muji wa wachimbaji. Wao walilala kambini, yeye gerezani, lakini mukono uliowashika ulikuwa mumoja. Walipogoma kuomba mushahara muzuri, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1941, askari walipiga risasi kwenye kiwanja cha mupira cha Elisabethville, makumi ya wafanyakazi wakafa. Kimbangu alikuwa ametimiza miaka 20 gerezani. Kwa sheria ya wakati ule, kuomba mushahara pamoja na kuomba Mungu pamoja vyote viliweza kuitwa uasi.

Kifungo cha maisha hakina tarehe ya kutoka. Mwenye kufungwa miaka mitano anakata mistari ku ukuta, anahesabu. Mwenye kifungo cha maisha hana cha kuhesabu ila umri wake. Magavana walibadilika Léopoldville, vita ya pili ya Wazungu ikaanza na kuisha, Mufalme Albert mwenyewe akafa 1934, na Kimbangu akabaki ndani. Alikufa tarehe 12 mwezi wa kumi 1951 ku hospitali ya Elisabethville. Aliingia kijana mwenye nguvu, akatoka maiti ya muzee, kiisha miaka 30 na mwezi mumoja.

Wale waliohamishwa bila zuzi

Kimbangu alau aliona uso wa tribinali, hata kama ilikuwa ya askari. Wafuasi wake wengi hawakuona hata hiyo. Kwa wao kulikuwa sheria nyingine, dekreti ya 1910 juu ya relégation, ni kusema kuhamishwa kwa nguvu. Dekreti ile iliruhusu wakubwa wa utawala kumutoa mutu kwao na kumupeleka kukaa mbali, bila zuzi, bila mashitaka, bila kusema wazi siku ya kurudi. Saini tu ilitosha. Mutu alihamishwa kwa kuwa alifikiriwa kuwa hatari, haikulazimu awe amefanya kosa.

Wakimbangu walitawanywa inchi nzima: Lowa, Oshwe, Ekafera, na kambi zingine. Kanisa lao linahesabu jamaa 37.000 zilizohamishwa; wenye kuandika historia wanajadili ile namba. Chochote iwe, matokeo yake ni haya: Bula Matari alifikiri anazima moto, kumbe alibeba makaa akayatawanya. Kila kambi ilizaa waumini wapya, na mambo ya Bas-Congo yakafika mupaka pande zetu za mashariki.

Sheria ile ile iliwapata pia watu wa Kitawala, ambao wazee wa Kivu na Maniema wanawajua vizuri. Kiisha uasi wa Masisi na Lubutu wa 1944, wakubwa walizidisha woga, na kambi za waliohamishwa zikazidi kufungwa kwa ukali.

Mama aliyebaki nyumbani

Ku habari za wafungwa, watu wanasahau mara nyingi wale wanaobaki ku mulango. Marie Muilu alikuwa mama wa watoto watatu wadogo siku Simon alikamatwa. Mukubwa, Kisolokele, alichukuliwa na serikali akapelekwa masomo ya Boma, mbali na mama yake. Marie alibaki chini ya macho ya wapelelezi. Kukutana kuomba ilikuwa kosa. Waumini walikutana usiku, na yeye ndiye aliyeshikilia ile kazi kwa siri mwaka kwa mwaka. Mume hakurudi.

Wake wa wachimbaji wanajua kipande cha ile maisha. Mume akishikwa, si yeye pekee amefungwa. Mufuko wa unga unafungwa, masomo ya watoto yanafungwa, na kila safari ya kupeleka chakula kasho inakula pesa ya siku mbili.

Kiisha kifo cha Simon, watoto wake hawakuchukua panga. Walichukua kalamu. Kuelekea 1957, Wakimbangu 600 walitia majina yao ku barua moja kwa Gavana Mukubwa Pétillon. Walimueleza kwamba wamechoka kukamatwa mumoja mumoja. Kama kuomba Mungu ni kosa, basi serikali iwakamate wote pamoja, hadharani. Ilikuwa hatari kubwa, juu kila jina lilikuwa kama kujipeleka gerezani. Lakini serikali ilishindwa kujibu kwa bunduki. Kidogo kidogo ikaacha kuwafuata.

Marie Muilu alikufa tarehe 27 mwezi wa ine 1959. Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili ya mwaka ule ule, mbele kidogo ya Noeli, serikali ya Wabeleji ilikubali kanisa la Wakimbangu kwa sheria. Mama alikosa ile siku kwa miezi minane. Ku mwezi wa ine 1960 mwili wa Simon ulitolewa Elisabethville ukarudishwa Nkamba. Miezi michache mbele, Kongo ikapata uhuru, na Charles Kisolokele, yule mutoto waliyemutenga na mama yake, akaingia ku serikali ya Lumumba kama waziri.

Wakoloni walienda, mazoea yalibaki

Ingekuwa vizuri tumalizie hapo. Lakini historia ya sheria haitembei sawa na historia ya bendera. Bendera inabadilishwa kwa usiku mumoja. Njia ya kumufunga mutu bila zuzi inabaki ku meza ya mukubwa, na mukubwa mupya anaiokota.

Mobutu aliiokota. Mwaka wa 1980, wajumbe 13 wa bunge walimuandikia barua ndefu kukosoa utawala wake. Walikamatwa. Kati yao alikuwa Étienne Tshisekedi, ambaye mara kwa mara alihamishwa kwa nguvu na kuwekwa ku kijiji chini ya ulinzi. Mwaka wa 1982 walipelekwa mbele ya tribinali ya pekee ya usalama wa serikali, wakapewa miaka 15. Mwaka uliofuata Mobutu aliwasamehe. Tunaona tena mwendo wa 1921: tribinali ya pekee kwanza, huruma ya mukubwa mwisho, na haki haiko katikati.

Dawa iliandikwa ku Katiba ya 2006. Mwenye kuisoma akiwa na maisha ya Kimbangu ku kichwa anaona kama kila kifungu kinajibu jambo moja la mwaka 1921. Kifungu cha 17 kinasema uhuru ndio kanuni, kufungwa ni mara chache tu, na mutu anahesabiwa hana kosa mupaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 19 kinakataza kumutoa mutu kwa zuzi wake wa haki, na kinamupa ruhusa ya kuwa na mutetezi tangu polisi. Kifungu cha 21 kinamupa njia ya rufaa. Kifungu cha 61 kinasema kwamba hata wakati wa hali ya hatari, haki ya kujitetea na ya kukata rufaa haiguswi. Kifungu cha 156 kinaweka tribinali za askari kwa askari na polisi.

Na ile hukumu ya commandant de Rossi? Mwaka wa 2011, Haute Cour Militaire ya Kinshasa iliifungua tena na kuifuta. Ni korti ya askari iliyosahihisha kosa la tribinali ya askari, kiisha miaka 90. Hapo ndipo Simon Kimbangu aliacha kuwa mukosefu ku karatasi za inchi yake.

Lakini karatasi ya Thysville bado ina ndugu. Ku mwezi wa tano 2021, miaka mia moja kamili kiisha ile ya Kimbangu, serikali iliweka Ituri na Nord-Kivu chini ya hali ya hatari, na mashitaka ya raia yakapelekwa mbele ya tribinali za askari. Safari hii vita ilikuwako kweli, na watu walikuwa wanauawa. Hata hivyo mama wa Goma au wa Bunia ambaye mutoto wake alishitakiwa mbele ya wenye magwanda ana haki ya kuuliza swali ambalo mwaka wa 1921 hakuna aliyeruhusiwa kuuliza.

Huku kwetu: kuhesabu saa

Huku mashimoni, kukamatwa hakufanane na mambo makubwa kama ya Kimbangu. Ni ugomvi wa shimo, ni mufuko wa mawe uliopotea, ni deni la chakula kwa mwenye shimo. Mara nyingi ni deni, na deni lenyewe si kosa la jinai. Ni jambo la kupelekwa kwa zuzi wa raia, si la kumulaza mutu chini.

Kifungu cha 18 cha Katiba ndicho kila jamaa inapaswa kukijua kwa moyo. Mutu akishikwa, aelezwe mara moja sababu yake, na kwa luga anayosikia: Kifuliiru, Kiswahili, Kinyamulenge, chochote anachosema. Aruhusiwe kupata habari na jamaa yake ao avoka. Na kwa polisi asipitishe saa 48. Zikiisha, moja kati ya mambo mawili: aachiliwe, ao apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria, ni kusema parquet. Kiisha hapo magistrat anaweza kumushika siku tano kwa karatasi yake, halafu ni zuzi ndiye anayeweza kuruhusu siku 15, na kuongeza mwezi kwa mwezi. Kila hatua ina karatasi, na kila karatasi ina tarehe.

Kutoka Rurambo kushuka Uvira ni safari, na kuna siku njia haipitiki. Kwa hiyo jamaa isingoje siku ya tatu. Mutu wenu akishikwa, andikeni saa aliyoshikwa, jina la mahali, na cheo cha aliyemushika. Mukifika kwa OPJ, ombeni kwa heshima muone kama ile saa imeandikwa ku kitabu chake sawa na ku karatasi yenu. Mama asiyejua kuandika aombe mutoto wa masomo amuandikie. Marie Muilu alihesabu miaka 30 juu hakukuwa sheria ya kumuruhusu ahesabu saa. Sisi tunayo, na inaanza kuhesabu dakika ile pingu inafungwa.